Nani Anatundikwa Ukutani

Lazima umeziona. Kanvasi tatu za kusimama wima, zimepangwa kama ndugu wanaosubiri kupigwa picha ya pasipoti. Ya kwanza ina jani la mgomba, ya pili ina duara la rangi ya udongo, ya tatu ina mistari miwili ambayo ukiwa na moyo mwema utasema ni mwanamke aliyejifunga kilemba. Mstari wa dhahabu unapita kwenye zote tatu. Zinauzwa na msee wa Instagram anayekuletea hadi mlangoni na kukupigilia misumari bila malipo, mradi huishi mbali sana na Thika Road. Ziko kwenye Airbnb za Kilimani, ziko kwa daktari wa meno, ziko nyuma ya mgeni kwenye kila podikasti ya wanandoa. Nimezihesabu kwenye keja nne za watu ninaowapenda.

Sina ugomvi na jani la mgomba. Ninachotaka kuuliza ni kile ambacho mhakiki angeuliza kuhusu riwaya au filamu: ukuta huu unasema nini, na ni nani hayumo? Ukuta wa picha nyumbani ni kazi ya kuhariri. Mtu amekaa, amechagua, ameacha. Na kwa sisi tunaohama ploti kila baada ya mwaka mmoja na nusu, mara nyingi ndiyo kazi pekee ya sanaa tunayoitengeneza wenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inastahili kuhakikiwa kama kazi nyingine yoyote.

Nianze na sheria, kwa sababu zimewahi kunilisha. Mimi huandika kwa kulipwa kwa neno. Nimeandika kuhusu bima ya magari ya nchi ambazo sijafika, kuhusu mchanga wa paka, na kwa mwezi mzima mwaka jana niliandika jinsi ya kupanga picha ukutani. Kwa hivyo sheria nazijua kama sala. Katikati ya mkusanyiko iwe kama sentimita 145 kutoka sakafuni, kimo cha jicho. Fremu ziachane sentimita 5 hadi 8. Panga kila kitu sakafuni kwanza, upande juu ya kiti uangalie. Kata magazeti kwa ukubwa wa kila fremu, yabandike ukutani kwa selotepu, ishi nayo siku mbili kabla ya kugusa nyundo. Anza na picha kubwa zaidi, lakini usiiweke katikati kabisa. Usitundike chochote mahali jua la saa tisa linapogonga moja kwa moja, rangi itakimbia. Ushauri huu ni mzuri, sikudanganyi, hasa huo wa magazeti.

Lakini hakuna hata makala moja kati ya zile iliyoniruhusu kuuliza picha zenyewe ni za nani. Mteja alitaka picha "zinazoakisi haiba yako," na haiba hiyo ilikuwa ikiuzwa dukani kwake kwa seti.

Mtindo wenyewe wa kujaza ukuta kwa fremu za ukubwa tofauti ulipata jina lake Paris. Mwaka 1667 chuo cha kifalme cha sanaa cha Ufaransa kilianza kuonyesha kazi za wanachama wake, na baadaye maonyesho hayo yakahamia Salon Carré, ukumbi ndani ya Louvre. Picha zilikuwa nyingi kuliko ukuta, kwa hivyo zikapangwa kugusana, kutoka karibu na sakafu hadi darini. Nani awe wapi lilikuwa jambo la kupigania. Uingereza nako vilevile, ukiwekwa juu umetukanwa. Mwaka 1784 Thomas Gainsborough aliambiwa kwamba picha yake ya mabinti watatu wa mfalme itatundikwa juu kuliko alivyotaka. Akaondoa kazi zake zote kwenye maonyesho ya Royal Academy na hakurudi tena.

Gainsborough angezirai mlangoni mwa sebule ya mathe.

Kwetu Nakuru picha zinaanza pale mlango unapoishia. Zimepangwa kwa mstari mmoja chini ya dari, zimeinamishwa mbele kwa uzi, kana kwamba zinakuchungulia unavyokula. Chini yake ni ukuta mtupu, mita nzima ya rangi ya krimu, halafu viti na vitambaa vyake. Ukienda kwa majirani ni hivyo. Ukienda kwa shangazi ni hivyo. Watu watakupa sababu za kawaida: mikono ya watoto, vichwa vya wageni kwenye makochi, nyumba za zamani ambapo msumari ulishika kwenye mbao za juu pekee. Zote ni kweli. Mimi naongeza heshima. Anayeheshimiwa anawekwa juu. Duka lolote la enzi za Moi lilikufundisha hilo: rais juu ya rafu ya mwisho, juu ya sukari na mafuta ya kupikia, kuanzia 1978 hadi 2002, na waliomfuata wakarithi msumari uleule.

Kwa hivyo kile ambacho kwa Gainsborough kilikuwa tusi, kwa mathe ni cheo. Sentimita 145 zinakufaa wewe unayetaka kutazama picha. Chini ya dari kunafaa picha inayotaka kukutazama. Siwezi kuuita huo ukosefu wa ujuzi wa kupamba, venye marafiki zangu huuita wakirudi kutoka ushago. Ni msimamo tofauti kuhusu kazi ya picha.

Sasa yaliyomo. Kushoto, harusi ya wazazi wangu, baba akiwa na suti ambayo mabega yake yanatosha watu wawili. Babu na koti lake. Kibao cha Kristo kuwa mkuu wa nyumba hii, ambacho nadhani kila nyumba ya Wakristo nchini ilipewa kimyakimya na mtu fulani. Kalenda ya sacco ya 2019 ambayo haitolewi kwa sababu picha ya mlima ni nzuri. Kaka yangu na joho. Dada yangu na joho. Saa.

Mimi ni wa tatu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokatika, na ile nafasi kati ya joho la dada na dirisha ilikaa kama mwaka hivi ikiwa na msumari wake tayari. Halafu Disemba moja nikafika nyumbani nikakuta saa. Mama hajawahi kusema chochote kuhusu hiyo saa, nami sijauliza. Inaenda vizuri. Iko mbele dakika tano, kama saa zote za nyumba yetu.

Naleta hilo hapa kama ushahidi, si malalamiko. Ukuta ule una hoja. Mhariri wake ni mkali na vigezo vyake vinajulikana: umeolewa, umefuzu, umekufa. Ni daftari la mapato ya familia, na kila anayeingia sebuleni anaweza kulisoma bila kuuliza. Ndiyo maana, nikiyaweka pamoja, nasema kama kazi ya sanaa ukuta wa mathe unazishinda zile kanvasi tatu kwa mbali. Kuna kitu cha kupoteza pale. Mtu anaweza kukosekana. Kwenye jani la mgomba hakuna anayeweza kukosekana.

Hata hivyo una udhaifu mkubwa, na si wa fremu wala mpangilio. Kama picha ya familia, ni ya uongo kidogo. Hakuna anayecheka. Hakuna aliyeketi vibaya. Hakuna anayekula, na sisi ni watu wa kula. Mgeni kutoka sayari nyingine akisimama pale ataamini kwamba familia yetu huvaa joho, husimama wima na huangalia saa.

Sehemu ya sababu ni pesa. Mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36 na kila moja ilikuwa gharama, kisha ungoje kusafishiwa, kisha ulipe tena. Huwezi kuharibu moja kwa mtu anayekula chapati. Kupiga picha kulikuwa safari ya kwenda mahali, ukiwa umeoga. Mombasa watu walienda kwa N. V. Parekh, ambaye studio yake ilipiga sura za mji ule kutoka miaka ya 1940 hadi ya 1980, Waswahili, Wahindi, watu wa bara, maharusi na marafiki walioegemeana. Miaka ya 90 kando ya feri ya Likoni kulikuwa na wapiga picha wenye vibanda vilivyochorwa meli, ndege na majiji, na wateja wao wengi walikuwa vijana wa bara waliokuja kutafuta kazi Pwani. Unasimama mbele ya ndege ya rangi, unapigwa, unatuma nyumbani. Nairobi tulikuwa na KICC. Tangu ile nguzo ifunguliwe 1973, sijui ni Wakenya wangapi wamesimama mbele yake mkono kiunoni ili kijijini ijulikane kwamba jiji limefikiwa.

Hizo picha nazipenda kuliko joho zote. Hakuna aliyedai kwamba ndege ya Likoni inaruka. Mtu alikuwa anacheza, anajaribu maisha kama anavyojaribu koti Gikomba, na mpiga picha alikuwa mshirika wake katika mchezo. Na hapo ndipo naudhika na mhariri wetu wa Nakuru, kwa sababu picha za aina hiyo hazikupanda ukutani. Zilibaki kwenye albamu, ile ya karatasi ya plastiki inayonata, chini ya kabati la TV. Mama yangu ana moja ya KICC ya 1994. Amevaa jaketi la kuazima. Hatazami kamera, anamcheka mtu aliye nje ya picha, na mpaka leo hataki kumtaja. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Hiyo ndiyo picha bora katika nyumba nzima na inaishi gizani na risiti za stima.

Aliyenisaidia kuliona hili vizuri ni bell hooks, mwandishi Mmarekani mweusi aliyezaliwa Kentucky 1952. Insha yake kuhusu upigaji picha na maisha ya watu weusi ilitoka miaka ya 90, na kama una nia ya kupigilia msumari hata mmoja naomba uisome kwanza. Anaeleza nyumba za watu weusi wa kusini mwa Marekani wakati wa ubaguzi, kuta zilizojaa picha za familia. Hoja yake ni kwamba zile kuta zilikuwa majumba ya sanaa. Nje kulikuwa na magazeti, sinema na matangazo yaliyowachora watu weusi kama vikaragosi, na majumba rasmi ya sanaa hayakuwataka. Ndani, watu walikuwa na ukuta wao, wanaamua wenyewe nani aonekane na aonekane vipi. Kwake kamera ilikuwa chombo cha kujibu.

Lakini kinachonirudisha kwenye insha ile ni picha moja tu anayoizungumzia kwa kirefu. Ni ya baba yake, ya mwaka 1949, kabla hajawa baba ya mtu. Amevaa fulana, yuko kwenye ukumbi wa kuchezea pool. Hana suti wala cheti. Mabinti zake hawaioni kwa namna moja, kwa sababu mwanamume yule mwepesi wa kwenye picha si yule aliyewalea. Hooks anaitaka picha ile kwa sababu inampa baba ambaye hakuwahi kukutana naye. Hiyo ni kazi ambayo picha ya joho haiwezi kufanya hata ikiwekwa kwenye fremu ya milioni. Joho linathibitisha tunachokijua tayari.

Turudi kwetu. Kuna rafiki yangu anaishi Umoja ambaye ukuta wake ndio bora zaidi nimeuona kwa mtu wa umri wetu, na ningependa kueleza unavyofanya kazi. Katikati, si katikati kabisa, kuna chapisho la "Nuit de Noël" ya Malick Sidibé, ile ya Bamako 1963, kijana na msichana wanacheza, vichwa karibu vigusane, yeye yuko peku. Chapisho hilo liko kila mahali sasa. Liko kwenye mikahawa, liko kwenye vifuniko vya vitabu, na ni rahisi kulichoka. Yeye amefanya nini? Pembeni yake, kwa ukubwa uleule, ameweka picha ya shangazi yake akicheza kwenye harusi Kakamega mwishoni mwa miaka ya 80, viatu viko mkononi. Ameikopi kwa simu kutoka albamu ya nyumbani, doa la chai likaja nayo, naye hakulifuta.

Zikiwa pamoja, zinafanyiana kitu. Sidibé anaacha kuwa mapambo ya watu wanaopenda kusema neno Bamako, anakuwa mpiga picha wa harusi tena, jambo ambalo ni kweli, studio yake iliishi kwa kazi kama hizo. Na shangazi anatoka kwenye albamu na kupata kimo cha Sidibé, ambaye mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu kule Venice, mpiga picha wa kwanza kuipokea. Hakuna maandishi chini ya picha. Wageni wengi huuliza, "Huyu wa pili pia ni wa Mali?" Rafiki yangu huacha swali likae kidogo kabla ya kujibu. Kando yake kuna tiketi ya matatu, mchoro mdogo wa kalamu alionunua moja kwa moja kwa mwanafunzi wa sanaa, na fremu moja tupu. Fremu tupu simsamehi, ni mzaha wa watu waliosoma mambo ya dhana. Yaliyobaki ni uhariri wa hali ya juu.

Nitoe na mfano wa wazi ambao unaweza kuufikia kwa miguu. Ukitoka sanamu ya Tom Mboya unaona jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lililowahi kuwa benki. Maelfu hupanga kukutana nje yake kila siku, "nipate Archives," na hawaingii. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966 na akaacha kiti hicho mwaka uleule, na ambaye kwa maoni yangu alifanya kazi ya maana zaidi kwa kununua vinyago, vigoda, vitambaa na vitabu kuliko wanasiasa wengi walivyofanya kwa kukaa ofisini miaka thelathini. Ni chumba kilichojaa. Vitu vinabanana, kinyago kinaangalia upanga. Mtu wa kanuni za sentimita 8 atapata kizunguzungu. Mimi naona mtu aliyekuwa na njaa ya kuona, na chumba kinachonipa njaa hiyohiyo. Nenda ukiwa unamngoja mtu, afadhali kuliko kusimama hapo nje ukilinda mfuko.

Sasa kuhusu sisi wenyewe, tunaosema hatuna picha za kutundika. Tunazo elfu nne. Ziko kwenye simu.

Mwaka 2022 binamu yangu alifariki, ghafla, akiwa na miaka ishirini na sita. Simu yake ilikuwa na paswadi ambayo hakuna aliyeijua. Usiku ule sebuleni kwa shangazi watu wazima kumi na wawili walikuwa wanatafuta picha moja: uso mbele, mabega yaonekane, ikiwezekana shati lenye kola. Kila mmoja wetu alikuwa na yeye nyuma ya mtu mwingine, yeye nusu, yeye na kichujio cha masikio ya mbwa. Mwishowe mtu akachukua ile ya WhatsApp, ya duara, akapiga skrinishoti. Wa kuchapisha programu za mazishi akaikuza mpaka ikatosha fremu ya kusimamisha kando ya jeneza. Baadaye ikapanda ukutani, kama zinavyopanda zote. Bado iko pale. Ukiwa mlangoni ni yeye kabisa. Ukikaribia ni vigae vya kijivu na kahawia, hakuna mtu.

Nimetazama vigae vile mara nyingi kuliko nilivyotazama mchoro wowote. Na kila mara nafikia hesabu ileile: katika sebule zetu njia za uhakika za kijana kupanda ukutani zimebaki mbili, shahada na kifo. Harusi zimekuwa ghali. Kati ya hizo mbili kuna maisha yote, na hayachapishwi.

Halafu ikaja Juni 2024. Wengi wetu tulikuwa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na tarehe 25, siku ambayo waandamanaji waliingia Bunge, kuna waliopigwa risasi na hawakurudi nyumbani. Tangu hapo tumeona wazazi wakibeba fremu nje. Kwenye mikesha, nje ya mahakama, kwenye maandamano ya mwaka uliofuata. Ni fremu za aina ileile ya sebuleni, na ndani yake mara nyingi kuna selfi, kijana anajaribu miwani, anatoa ulimi. Picha aliyojipiga bila kufikiria sebule. Sina uhakiki wa kufanya hapo. Nasema tu kwamba nikiona mama ameshika selfi ya mwanawe kwa mikono miwili, nafikiria jinsi picha hiyo ingechekwa kama angependekeza itundikwe akiwa hai.

Kwa hivyo, ndiyo, tundika watu. Tundika walio hai, wakiwa hawafanyi chochote cha maana. Ukitaka na jani la mgomba, liweke, lakini liwe jirani wa mtu.

Mambo ya vitendo sitayarefusha. Landlodi wangu wa Zimmerman amekataza misumari, imeandikwa kwenye mkataba kabla hata ya kodi, na keateka huhesabu matundu siku ya kuhama kama anayehesabu meno ya ng'ombe wa kununua. Zile gundi za kubandika zilianguka usiku wa tatu kwa sababu rangi ya ukuta ilitoka nazo, ngozi nzima. Nilichofanya nimekiiba Lamu. Katika nyumba za mawe za zamani kule, chumba cha ndani kina zidaka, vijumba vya chokaa vilivyochongwa ukutani mstari juu ya mstari, ambamo familia ziliweka sahani za kauri kutoka Uchina, vitabu, vitu vya thamani. Hakuna kinachotundikwa. Vitu vinakaa. Mimi nina rafu moja ya mbao za godoro la mizigo, imeegemezwa juu ya meza, na picha zimesimama juu yake zikiegemea ukuta, nyingine mbele ya nyingine. Nikichoka na mpangilio nazisogeza kwa kidole. Fundi wa fremu aliniambia mia nne kwa moja ya A4, nikamwambia mkubwa, mimi ni mwandishi, akanionea huruma ya mia moja. Chapisha kwenye karatasi ya picha, si ile ya kawaida. Na kabla ya kuchapisha uliza albamu ya nyumbani iko wapi.

Wiki mbili zilizopita nilimpigia mama simu kumwomba ile ya KICC.

"Hiyo?" akasema. "Hiyo si ya ukuta, ni ya albamu."

"Naitaka ya kwangu, mama. Ya keja."

"Na wageni wako watasema huyo ni nani?"

"Watauliza."

Akanyamaza, nikasikia mwiko ukigonga sufuria. Halafu akasema nitaikuta kwenye bahasha nikija Pasaka, ila nisiipeleke kwa wale vijana wa kuongeza rangi, wanafanya watu wawe wa zambarau. Na nimwambie kabisa kabla hajaitoa kwenye plastiki: nitaiweka juu ama chini?